Mstari Haukupigwa Picha

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kijiji upande wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru. Mtaalamu alikuwa amekuja na kompyuta mpakato na projekta, akaangaza ukuta wa darasa. Ndani ya dirisha moja la programu mlikuwa na picha ya setilaiti, na juu yake mstari mwekundu. “Picha inaonyesha mpaka umepita hapa,” akasema, akaongeza kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Bibi mmoja, ambaye shamba lake ni la ukoo wa mama yake kama ilivyo desturi ya Waluguru, akasimama akauliza: “Mwanangu, huyo aliyepiga picha huko juu, huo mstari aliukuta?”

Watu walicheka, na mtaalamu akaendelea. Kwangu mimi, hakuna aliyesema neno zito kuliko lile siku hiyo.

Tazama kilichokuwa ukutani. Picha ya setilaiti kama zile za Landsat ni miraba, na kila mraba una upande wa mita 30. Mraba mmoja ni mita za mraba 900, na wote hupewa rangi moja. Katika miteremko ya Uluguru eneo hilo laweza kubeba migomba ya mtu, njia ya miguu na shamba la jirani, vyote vikachanganywa kuwa kijani kimoja. Mstari si miraba. Mstari ni maagizo: anzia hapa, pinda pale, ishia kule. Ukiikuza picha, inavunjika vipande vipande. Ukiukuza mstari, unabaki mwembamba na mkali vilevile. Basi jicho huamini kwamba mstari ndio wenye hakika zaidi, kumbe mstari ulichorwa na mkono wa mtu aliyeketi ofisini.

Waliounda mifumo ya madirisha walikutana na jambo hili mapema. Mfumo wa X, ulioanzishwa MIT huko Marekani mwaka 1984, uliruhusu programu iendeshwe kwenye mashine ya mbali na dirisha lake lifunguke mezani pako kupitia mtandao. (Katika X, seva ni ile iliyo mezani pako, kwa kuwa ndiyo inayotumikia kioo na kibodi, tungeiita mtumishi, wala hapangekuwa na cha kushangaza.) X ilihesabu nukta za kioo. PostScript ya Adobe, iliyotoka mwaka huohuo, haikujali nukta; ilieleza maumbo kwa hesabu, kwa kipimo cha sehemu moja ya 72 ya inchi. Kampuni ya Sun ilijenga mfumo wake wa madirisha, NeWS, juu ya lugha hiyo, kisha ikajaribu kuviweka X na NeWS katika seva moja.

Ugumu mmoja ulikuwa ukingoni. Kwa kanuni ya X, nukta hupakwa rangi iwapo kitovu chake kimo ndani ya umbo. Kwa PostScript, nukta hupakwa hata ikiguswa kidogo tu. Kwa hiyo maumbo mawili yanayopakana, katika X kila nukta ina mwenyewe; katika PostScript nukta za mpakani hudaiwa na wote wawili, na anayepaka mwisho ndiye anayezichukua. Huo ni mgogoro wa ardhi kabisa! Ila wahandisi wale waliziandika kanuni zote mbili waziwazi, hivyo aliyetaka kujua nukta ni ya nani aliweza kujua.

Sisi tunazo nyenzo bora kuliko hizo, na hatuzitumii. Picha hupigwa, mchoro huchorwa. Kitenzi chenyewe kinamtaja mtendaji. Lakini kila kinachotokea kwenye kioo tumekitupa katika kapu la “picha”, na neno “ramani” halisaidii, kwa sababu linavifunika vyote viwili. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice na kuonyesha kwamba programu yaweza kusema Kiswahili kuanzia kwenye menyu. Bado hatujapanga jinsi ya kukisema kilichomo ndani ya dirisha.

Nitaambiwa kwamba istilahi ni za wataalamu, mwanakijiji hazimhusu. Naona kinyume chake. Mtaalamu anajua tabaka lipi limetoka wapi hata akikosea kulitaja. Asiyejua ni yule anayelinyima shamba lake usingizi wa kuwaza. Nasema basi: kilichonaswa kiitwe picha, kilichotiwa kwa mkono kiitwe mchoro, na vikikutana katika dirisha moja tuseme “mchoro juu ya picha”. Ni maneno manne badala ya moja, na sioni hasara.

Baada ya mkutano bibi yule alitupeleka kwenye mfenesi ambao koo mbili zinautambua kuwa mpaka. Tulirudi darasani kuutafuta ukutani. Tuliona kijani tu, na mstari umepita hatua nyingi chini yake. Katika muhtasari iliandikwa: “Picha ilionyesha mpaka.” Nilimwomba katibu aandike “mchoro”. Akanijibu kwamba ni kitu kilekile.