Walimu wa uuguzi wa Rumonge, wapeni wanafunzi maswali

Walimu wangu, na dada na kaka mnaowapokea wanafunzi wodini,

Nawaandikia kutoka Ubelgiji, ninakofanya kazi hiihii ya uuguzi, kwa ajili ya jambo linaloniuma: wadogo zetu wanakariri mno. Daftari limejaa dozi na dalili, mtihani wanashinda, kisha siku ya zamu anaingia mtoto asiyefanana na daftari.

Mchukueni mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeletwa kutoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, anaharisha tangu alfajiri. Macho yameingia ndani; mwanafunzi anamfinya ngozi ya tumbo, inarudi polepole sana. Daftari linasema amepungukiwa maji sana: seramu ya mshipani ya haraka, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa. Lakini mtoto huyu amekonda, mbavu zinahesabika. Ngozi ya mwenye utapiamlo mkali hurudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, na seramu ya kasi inaweza kuulemea moyo wake. Kama ni kipindupindu kweli, kusitasita nako kunaua. Hapo ndipo mwanafunzi amgeukie mama: macho haya yameingia ndani leo, au yalikuwa hivi tangu wiki iliyopita? Amekojoa lini? Anachotoa ni maji matupu? Kisha amshike mikono kama ni baridi, na mapigo yake.

Nawaomba msikimbilie kumpa jibu. Mwulizeni: unadhani ni nini, kwa nini, na ukiona nini utabadili mawazo? Hilo la mwisho ndilo linalomfanya arudi kitandani kwa mgonjwa baada ya nusu saa kuhesabu pumzi.

Wala fikra hizi za kuuliza na kulinganisha si mali ya Ulaya. Kipindupindu kilifika mwambao wetu wa Burundi mwaka 1978, kikapotea miaka 14, kikarudi 1992. Hapo Rumonge, watafiti waliwachukua wagonjwa na watu wasiougua waliokuwa jirani nao, wakawauliza wote maswali yaleyale kuhusu maji, kuoga na chakula. Ziwa ndilo lililojitokeza: kunywa maji yake, na hata kuyaoga. Kazi hiyo ilichapishwa 1997 katika jarida la Lancet. Ifundisheni kabla ya habari za John Snow na bomba la maji lililoeneza kipindupindu London mwaka 1854. Lificheni jibu, waacheni wanafunzi watunge maswali yao, waseme wangemlinganisha nani na nani. Wanaufahamu ufuko huo kuliko mtafiti yeyote.

Kuna pia suala la heshima. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa, na malezi hayo nayapenda. Ila mwanafunzi aliyeona dozi imekosewa akanyamaza, hajamheshimu mtu. Mzoezeni kusema: "Daktari, tangu tuongeze seramu pumzi zake zimepanda, tupunguze kwanza?" Na akisema, mshukuruni mbele ya wenzake, hata kama hakupatia.

Mtaniambia wanafunzi ni wengi, wasimamizi wachache. Ni kweli. Basi tuanze na dakika kumi mwisho wa zamu, mgonjwa mmoja tu. Mimi nitaandika visa vya kujadili, kwa Kiswahili na Kirundi, kwa kuwa mama wa ufukoni hatajieleza kwa Kifaransa cha darasani. Nitajieni siku inayowafaa, nami nitakuwa kwenye simu pamoja nanyi.