Si Daraja la Kujipimia Woga



Tangu nirudi kutoka Ireland ya Kaskazini, nilikokwenda likizo ya Agosti kumtembelea shangazi yangu ambaye ni muuguzi, swali ni lile lile, iwe bwenini au kwenye foleni ya githeri: "Ati ulivuka? Hukuogopa?" Hata picha niliyobandika kwenye ubao wa chama, mtu ameiandika chini kwa penseli: "Daraja la Kujipimia Woga". Hapo ndipo nasema la!

Kwanza nijibu swali. Niliogopa, tena sana. Daraja la kamba la Carrick-a-Rede, karibu na kijiji cha Ballintoy, linaning'inia kama mita 30 juu ya maji, kutoka jabali la pwani hadi kisiwa kidogo. Urefu wake ni mita 20 tu, lakini upepo ulipovuma magoti yalinicheza ngoma. Mbele yangu bibi mmoja mkongwe alivuka akimumunya peremende. Lo, aibu iliyoje!

Lakini ndugu zangu, daraja hilo halikufungwa kwa ajili yetu wapiga picha. Wavuvi wa samoni ndio waliofunga la kwanza, mwaka 1755. Samoni hutoka baharini kurudi mitoni kuzaa, na wakifuata pwani ile hukuta kisiwa kimewazibia njia, ikawabidi wakizunguke. Hapo ndipo wavu ulipowangoja. Msimu ulipoanza wavuvi walitundika daraja, ulipoisha waliliondoa. Tena msidhani lilikuwa kama la leo, lililofungwa mwaka 2008, lenye vishikio pande zote mbili. Hata lile la miaka ya 1970 lilikuwa na kishikio kimoja tu, na mbao zake zimeachana. Hebu jaribu kupita hapo na mzigo begani, alfajiri, mvua inanyesha! Hakuna aliyewapigia makofi.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Labda ndiyo sababu maandishi yale ya penseli yameniuma.

Hadi miaka ya 1960 walivua karibu samoni 300 kwa siku. Kisha samaki wakapungua, kwa kuvuliwa mno huko baharini na kwa uchafu wa mito. Wa mwisho alivuliwa hapo mwaka 2002. Kibanda cha wavuvi bado kipo kisiwani, wageni wakipita kando yake wakitafuta mahali pazuri pa kupigia picha.

Rafiki yangu ananiambia kwamba bila wageni na tikiti zao daraja lingeshaoza. Kweli kabisa, na tikiti sina ugomvi nayo. Shirika la National Trust linalolitunza linahitaji pesa. Ninachokataa ni sisi kutoka pale tukisimulia magoti yetu tu, na samoni tusiwataje hata kidogo.

Kwa hiyo nimeyafuta yale maandishi. Nimeandika kwa wino: "Daraja la Wavuvi wa Samoni, 1755". Aliyeandika ya kwanza aje tubishane, penseli yake ninayo.