Tusiwalaze Watoto kwa Vitisho

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto wa miaka miwili akikataa kulala huambiwa: "Lala, zimwi linakuja!" Hujifunika shuka akitetemeka, nasi tukadhani tumemlaza. Hakika tumemfundisha kumwogopa asiyekuwa Allah kabla hajaweza kutamka Shahada.

Mtume (S.A.W.) ametuonyesha njia iliyo bora. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.), ameamrisha watoto wazuiwe ndani usiku unapoingia, milango ifungwe kwa jina la Allah na taa zizimwe. Naye Ibn Abbas (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaombea kinga wajukuu zake, Hasan na Husein.

Basi mtoto na atulizwe mapema, runinga na simu zizimwe, kisha asomewe Suratul Falaq na Suratun Nas kwa sauti ya chini, kwa utaratibu uleule kila usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unampa mtoto wa umri huo usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukiwemo wa mchana.

Enyi akina baba! Kinga ile Mtume (S.A.W.) aliisoma kwa ulimi wake mwenyewe, na alichukia mazungumzo baada ya Isha. Sisi barazani tunakeshea nini, ilhali mama amechoka na mtoto analia?

Wabillahi Tawfiq.