Mfanyabiashara anayelipia tovuti adai na ufunguo wake

WAFANYABIASHARA na wakulima wengi wanaotengenezewa tovuti hulipa fedha, hupigiwa picha za duka au shamba, huona jina lao kwenye kompyuta na kufurahi. Mwaka ukipita, anayeifungua tovuti hiyo atakuta bei ni zile zile za siku ya kwanza, namba ya simu ni ya laini iliyokwisha kufungwa, na salamu za sikukuu ni za mwaka juzi.

Kabla ya kumlaumu mwenye tovuti kwa uvivu, yafaa kuuliza kama alipewa njia ya kuibadilisha. Mara nyingi hakupewa. Kila anapotaka kubadili bei ya trei ya mayai humpigia simu fundi aliyeitengeneza, naye ana kazi nyingine, au amehama mji, au anadai malipo kwa kila badiliko. Bei ya mayai, nyanya au mahindi haimngojei fundi. Mteja aliyesoma bei ya gunia kwenye tovuti, akakodi gari hadi shambani na kukuta imepanda, hatasema kwamba tovuti ilichelewa. Atasema ametapeliwa, na atawaambia wenzake.

Tatizo hili lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tovuti nyingi ndogo zilitengenezwa kwa namna ambayo kila ukurasa ulikuwa faili lake, maneno ya mteja yakiwa yamechanganywa na alama za lugha ya HTML. Kubadili tarakimu moja kulihitaji kulifungua faili, kuitafuta tarakimu katikati ya alama hizo, kisha kulirudisha faili kwenye seva kwa programu maalumu. Kama bei ilionekana kwenye kurasa tano, kazi ilirudiwa mara tano.

Wapo pia waliouziwa tovuti za Flash, zenye picha zinazocheza na maandishi yanayoruka, ambazo mwenyewe hakuweza kugusa hata herufi. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikazuia kazi zilizotengenezwa kwa programu hiyo zisifunguke. Ambaye hakuwa amejenga upya alibaki na ukurasa mtupu.

Dawa yenyewe ilikuwapo zamani. Drupal ilitolewa mwaka 2001, WordPress mwaka 2003 na Joomla mwaka 2005, zote zikiwa programu za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Ndani yake maneno na bei hutunzwa kwenye hifadhidata, na sura ya tovuti hutunzwa mahali pengine, hivyo kubadili kimoja hakuharibu kingine. Mwenye tovuti huingia kwa jina na neno la siri, huandika kama anavyoandika barua pepe, hubonyeza kitufe na badiliko linaonekana. Inakadiriwa kwamba WordPress peke yake sasa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Hata hivyo, tovuti zinaendelea kufa, kwa sababu kumwekea mteja WordPress ni jambo moja na kumtengenezea tovuti anayoweza kuiendesha ni jambo jingine. Karani wa duka la pembejeo aliyezoea daftari akifunguliwa ukurasa wenye vitufe zaidi ya 20 atabonyeza kimoja, picha zitahama, naye hatagusa tena. Kosa hilo si la karani.

Fundi anayeijua kazi huanza kwa kuuliza ni nini kinachobadilika. Historia ya duka na ramani ya kufika haibadiliki. Hivyo anaweza kuvifunga. Bei ya mbegu, mbolea na vifaranga hubadilika kwa msimu au kwa wiki, na hivyo ndivyo anavyopaswa kuviweka mbele. Badala ya ukurasa mtupu, karani hupewa fomu fupi yenye nafasi za jina la bidhaa, kipimo, bei, na kama bidhaa ipo au imekwisha. Akiijaza mara moja, bei inabadilika kila mahali inapoonekana, na tarehe inajiandika yenyewe pembeni.

Nafasi ya kipimo isidharauliwe. Katika nchi iliyosumbuliwa na lumbesa kwa miaka mingi, kuandika bei ya "gunia" bila kutaja kilo ni kutafuta ugomvi. Na tarehe humkinga muuzaji: mnunuzi anayeona kwamba bei iliandikwa wiki tatu zilizopita hupiga simu kwanza kabla ya kupanda basi.

Aidha, karani hahitaji mamlaka yote. WordPress ina ngazi tofauti za watumiaji, na anayepewa ngazi ya mhariri anaweza kuandika na kusahihisha kurasa lakini hawezi kubadili sura ya tovuti wala kufuta programu zake. Wengi hupewa ngazi ya juu kwa sababu tu fundi hakutaka kujisumbua. Picha nzito za simu nazo zinapunguzwa ukubwa na programu yenyewe, ili mteja mwenye bando dogo asikatishwe tamaa na ukurasa usiofunguka.

Kwa anayeuza nje ya nchi, uzembe huu una gharama kubwa zaidi. Novemba 2022 Tanzania ilitia saini makubaliano na China ya kupeleka parachichi katika soko hilo, na wanunuzi wa Ulaya kwa muda mrefu wamekuwa wakidai cheti cha GlobalG.A.P., ambacho hudumu kwa mwaka mmoja. Kikundi cha wakulima wa Njombe kinachoonyesha kwenye tovuti cheti kilichokwisha muda, huku kipya kimefungiwa kabatini, kinajiharibia chenyewe mbele ya mnunuzi asiyewajua.

Lipo jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwishachelewa, nalo ni umiliki wa jina. Majina yanayoishia na .co.tz au .co.ke husajiliwa kwa muda maalumu na hulipiwa upya muda huo unapokwisha. Fundi akilisajili kwa jina lake na barua pepe yake, mbele ya msajili yeye ndiye mwenye nalo. Wakigombana, au akisahau kulipa, mfanyabiashara anapoteza anwani iliyochapishwa kwenye mifuko, risiti na ubavu wa gari, pamoja na barua pepe zinazotumia jina hilo.

Wapo wanaosema haya yote ya nini, WhatsApp na Facebook zinatosha. Kwa muuza mchicha anayewajua wateja wake wote, ni kweli, na asipoteze fedha kwa tovuti. Lakini Oktoba 4, 2021 huduma hizo mbili pamoja na Instagram zilizimika duniani kwa takriban saa sita, na waliokuwa na mlango huo mmoja tu hawakuwa na pa kupokelea oda. Katika siku za kawaida pia, bei iliyotumwa kwenye kundi asubuhi jioni imekwishafunikwa na salamu na matangazo.

Kinachobaki kwa fundi baada ya makabidhiano ni kuboresha programu zinapotoka mpya, hasa zile za nyongeza ambazo ndizo wavamizi hupitia, na kutunza nakala ya tovuti mahali pengine. Hiyo ni huduma inayostahili kulipiwa kila mwaka, kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Kubadili bei ya mayai si mojawapo.

Kwa hiyo malipo ya mwisho yasitolewe siku tovuti inapoonekana imependeza. Yatolewe siku ambayo karani, kwa simu yake mwenyewe na fundi akiwa amekaa kimya pembeni, ataingia, atabadili bei moja, ataweka picha moja, ataondoa bidhaa iliyokwisha, na mtu mwingine ataifungua tovuti kwenye simu nyingine akayaona mabadiliko yote matatu.