Duka letu liko mkononi, mnalifunga kwa nini?

UKITAKA kumjua mfanyabiashara mdogo wa Kyela siku hizi, usitafute fremu wala kibao cha duka. Tazama simu iliyo mkononi mwake.

Chukua kijana wa Ipinda mwenye magunia mawili ya mchele. Zamani alimsubiri mlanguzi aje na bei yake mfukoni. Mchele ukifika Dar es Salaam unachanganywa na wa kwingine, unaandikwa "Kyela", mlanguzi anavuna. Leo kijana anapiga picha mchele wake, anautupia WhatsApp na Instagram. Mteja wa Mbagala anauona, anatuma pesa kwa simu, mzigo unapanda basi. Zaidi ya kilomita 900, bila mlanguzi! Hana tovuti, hana kadi ya benki. Ana bando na uaminifu wake, basi.

Sasa tuulizane, wana wa kijiweni: nani anamkwamisha?

Julai 15, 2021 serikali ilianza kukata tozo ya miamala ya simu, hadi Sh 10,000 kwa muamala mmoja. Ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa. Wananchi walipiga kelele, ikapunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa.

Tozo ilimkamua ng'ombe. Kuzima mtandao ni kumchinja.

Uchaguzi wa 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walipoteza maisha siku zile, na gunia la mchele halilinganishwi na damu. Lakini na hili lisemwe: maduka yote ya simuni yalifungwa kwa mpigo. Mteja aliyelipa anauliza mzigo uko wapi, muuzaji haonekani hewani. Jina la tapeli likishakuganda, nani atakununulia tena?

Kinachoshangaza, serikali hiyo hiyo inaujua utamu wa mtandao. Kakao ya Kyela imeingizwa kwenye minada ya kompyuta ya Soko la Bidhaa, TMX. Kwa wanunuzi wakubwa mtandao ni maendeleo, kwa mlalahoi unageuka hatari?

Wenzetu walishaenda mahakamani. Togo ilizima intaneti mwaka 2017. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS ikasema haki ilivunjwa, ikaamuru walalamikaji walipwe fidia.

Nasi tunataka sheria iseme wazi: hakuna kuzima bila amri ya mahakama, na atakayezima alipe hasara. Tozo ilishuka kwa sababu watu hawakunyamaza. Na hili tusilinyamazie mpaka uchaguzi mwingine utukute tumeshika simu zilizokufa.

Mwenye fremu hufungiwa duka kwa barua. Sisi tunafungiwa kwa swichi. Nani atujibu?