Subira si kuficha kidonda

Mtu wa Isongole akivunjika mguu shambani kwenye viazi, hakuna anayemwambia asubiri. Atatafutiwa gari mpaka Hospitali ya Makandana, Tukuyu, na majirani watachanga nauli. Lakini mama aliyepigwa na mumewe miaka kumi, au binti aliyeingiliwa na ndugu wa nyumbani, huambiwa: "Vumilia, usitoe siri ya nyumba." Hapo ndipo tunapokosea.

Madhara ya dhulma hayaishi siku kipigo kinapokoma. Aliyeyapata huota ndoto za kutisha, hushtuka mlango ukigongwa, hukosa usingizi, huwakaripia watoto bila sababu. Wengine huumwa kichwa na tumbo kwa miaka, na vipimo havionyeshi kitu. Tusikimbilie kusema ana jini. Haya ni maradhi yanayojulikana, na yana tiba.

Tiba hiyo ni ushauri nasaha. Unakaa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, kwa kawaida kama saa moja kila wiki, kwa wiki kadhaa. Unaeleza yaliyokupata kwa kadiri unavyoweza, naye anakusaidia kuyachambua mawazo yanayokutesa, hasa lile la "nilijitakia mwenyewe". Mwanzoni moyo unaweza kuwa mzito zaidi. Usikate tamaa.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Tuwatazame wenzetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu wanawake 405 wa vijijini waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono. Baadhi walipata vikao 12, vingi vikiwa vya kikundi, vikiongozwa na wahudumu wa hukohuko ambao si madaktari. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 katika kila 100. Kwa waliopata msaada wa kawaida tu, walikuwa 42.

Nasi tusijidanganye kuwa jambo hili liko mbali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 uligundua kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18.

Je, kusema ni kuvunja sitara? Mkumbuke Bibi Khawla bint Thaalaba (r.a.), aliyempelekea Mtume (s.a.w.) malalamiko juu ya mumewe. Hakunyamazishwa. Allah alimsikia, ikateremka Suratul Mujadila. Basi sisi ni nani hata tuwazibe midomo mabinti zetu? Sitara humlinda aliyeteleza akatubu. Haikuwekwa imfiche dhalimu anayeendelea.

Dua na Qur'an ziendelee, na tiba iendelee. Na mshauri akiwa si Muislamu, isiwe hoja. Hatumuulizi dini yake anayetufunga mfupa. Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake.

Pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu, hospitali ya wilaya, au afisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto, piga simu namba 116. Kama bado unapigwa, usalama kwanza: nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na usikubali kukalishwa kikao kimoja na anayekupiga. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia VVU, na asioge wala kufua nguo zile mpaka apimwe, ili ushahidi usipotee.

Nawe baba, mama, shangazi: binti akija kukueleza, usimuulize alivaa nini wala alifuata nini kule. Mwambie, "Nimekuamini," kisha msindikize. Safari ya Tukuyu huwa nyepesi mtu akiwa na mwenzake.

Wabillahi tawfiq.