Mwacheni tumbili

Stima ikipotea hapa Machakos, hakosekani mtu wa kutania: "Ni yule tumbili!" Jamani, tumsamehe.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru, mto Tana. Mitambo mingine ikazidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, nchi nzima ikakaa gizani kwa muda wa saa nne hivi. KenGen ikasema vituo vyake vina ua wa umeme wa kuzuia wanyama. Sawa. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi, bila tumbili.

Tatizo ni udhibiti. Gridi huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Megawati zikitoweka ghafla, mizunguko hushuka. Lazima mitambo ya ulinzi izime baadhi ya mitaa papo hapo, kabla jenereta nyingine hazijajizima zenyewe. Hapo hakuna muda wa kupigiana simu.

Mimi nikiandika programu inayoanguka yote kwa hitilafu moja, siwezi kumlaumu mtumiaji. Nafutwa kazi.

Waingereza huona mizunguko ya gridi yao kwenye intaneti, moja kwa moja. Nasi tuwekewe. Tunaolipa bili tuna haki ya kuona gridi ikiyumba, si kungoja taa zizimike.